Bafu la Baba, Banda la Jenerali

Zilibaki siku kumi na moja Arame Ndiaye apande ndege kwenda Italia kwa mumewe, na kila aliyechungulia ua wao pale Thiès alimkuta amejaa vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Majirani walishangaa. Mtu wa kusafiri hununua mabegi, husukwa nywele, huzunguka kuaga. Huyu alikuwa anapakua kokoto.

"Anayeondoka ni wewe," kaka yake Mbaye alimwambia. "Sasa bafu la nini? Utaoga kwa simu?"

"La baba."

"Baba si ninamwogesha mimi? Kuna siku nimeshindwa?"

Hakuwahi kushindwa, tusimnyime haki yake. Tangu kiharusi kimguse mzee Birame mguu wa kushoto, mwaka wa pili huo, Mbaye alimshika mkono kila asubuhi, akamvusha ua mzima hadi choo cha nyuma, kisha akamwogesha pembeni ya pazia la gunia huku amegeuza uso kwa heshima. Lakini kuna jambo Mbaye hakuliona. Mzee alikuwa hanywi maji. Joto la Mei linachoma mabati, wali wa samaki umekolea pilipili, naye analowesha midomo tu na kurudisha kikombe. Arame alipomuuliza sababu, mzee alitazama pembeni.

"Nikinywa, mwanangu, itabidi nimwite mtu."

Haya yalitoka kwa mtu aliyekuwa kondakta wa reli miaka thelathini, aliyepita behewa baada ya behewa akitangaza vituo kwa sauti iliyoamsha watoto wachanga. Arame aliingia jikoni akalia. Alipomaliza kulia aliuza mashine mbili za kukaushia nywele katika saluni yake, na pesa za koti la baridi nazo zikafuata njia hiyohiyo. Aliapa kwamba hapandi ndege kabla baba yake hajaoga peke yake.

Palikuwa na stoo ndogo iliyopakana na chumba cha mzee, nyembamba, ya kuwekea magunia. Arame akatoboa mlango kutoka chumbani kwa mzee, akamwita fundi Magatte Diop. Wandiaye na Wadiop ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo kazi ilianza kwa matusi.

"Nyie Wadiop mnakula mno," Arame alimwambia siku ya kwanza. "Nikulishe wali, au nikulipe? Chagua moja."

"Ningejua naitwa na Wandiaye ningekuja na chakula changu. Kwenu hata panya wanafunga Ramadhani."

"Na mwiko huo ni wa kupakia saruji au wa kupakulia?"

"Vyote, bibie. Leta sufuria uone."

Alikula sahani mbili, akangoja chai, ambayo kwao hupikwa raundi tatu, mpaka ile ya mwisho iliyo tamu, ndipo akashika pimamaji. Ila fundi alikuwa fundi kweli. Vigae vizima vilikuwa bei ya kutisha, basi Arame akanunua vilivyovunjika, vya kupimiwa kwa beseni, kama wafanyavyo watu wa Thiès wenye tamaa kubwa na mfuko mdogo. Vilikuja vya kila rangi: bluu, nyeupe, kahawia ya maziwa, na vipande vyenye picha ya waridi lililovunjwa katikati. Magatte alivichagua vile vikavu visivyoteleza akavipanga sakafuni, vile vya kung'aa akavipandisha ukutani. Choo cha kukaa walikipata kwa mtu aliyekuwa anabomoa nyumba, kizima, kina ufa mdogo wa mfuniko tu. Walikiweka mwisho wa chumba kikitazama mlango, ili mzee akiingia ageuke mara moja, ashike bomba la chuma ukutani na kukaa. Arame mwenyewe ndiye aliyeamua hivyo. Alijaribu kukaa, akasimama, akakaa tena, akaridhika.

Siku ya saba wakamwita mzee aje atazame. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akaangalia sakafu kwa muda, akatabasamu. Kisha macho yakapanda kwenye choo, na tabasamu likaondoka.

"Magatte, mwanangu."

"Naam, baba."

"Jua linachomoza wapi hapa kwetu?"

Magatte akanyoosha mkono, na mkono ukagandia hewani. Ulikuwa unaelekea palepale choo kinapoelekea. Watu wazima watatu wanaosali sala tano, mmoja wao, Magatte, mwana wa mwalimu wa Kurani, walikuwa wamemjengea mzee choo kilichotazama kibla, kwani kutoka Thiès kibla ni mashariki.

"Astaghfirullahi," Mbaye akasema.

"Siwezi, watoto wangu," mzee alisema taratibu. "Mmefanya kazi nzuri sana. Lakini siwezi." Akageuka, fimbo ikagonga sakafu mara nne, akarudi kitandani kwake.

Arame aliketi juu ya ndoo. Zilibaki siku nne tu! Alijiona mjinga wa mwisho. Alipima upana, akapima urefu, akafikiria kila kitu isipokuwa kile ambacho mtoto wa madrasa angekiona kwanza.

"Tukigeuze kitazame ukuta wa nyuma," Mbaye alishauri.

"Kikipe kibla mgongo? Ndiyo umerekebisha hapo?" Arame aliuliza.

"Bomba la chini silihamishi," Magatte alisema, akipiga magoti na patasi. "Choo chenyewe kitazunguka papo hapo. Nikikielekeza kaskazini, kibla kinakaa ubavuni, hakuna lawama. Tatizo ni ukuta. Mzee akikaa, magoti yatagonga. Nahitaji hatua moja upande ule."

Wote watatu wakautazama ukuta wa kaskazini. Nyuma ya ukuta ule kitu kikapumua kwa kiburi. Alikuwa ni Jenerali.

Jenerali alikuwa kondoo dume wa Mbaye, wa aina ya Ladumu halisi, kondoo wa fahari na maonyesho, mweupe, pembe zimejikunja mara mbili, mrefu hadi kifuani kwa mtu. Alikula karanga. Alikuwa anaoshwa kwa shampuu kila Ijumaa. Na banda lake, wallahi, lilikuwa na vigae vizima, sakafu na kuta.

"Hapana," Mbaye alisema kabla hajaulizwa. "Maonyesho ya kondoo ni mwezi ujao. Anahitaji nafasi ya kugeuka, la sivyo pembe zinakwaruzika."

"Hatua moja, Mbaye."

"Hatua moja kwako. Kwake ni nusu ya chumba!"

"Nasafiri Ijumaa. Sijui nitarudi mwaka gani. Baba hanywi maji kwa sababu ya aibu, unanisikia? Anakaa na kiu ili asikusumbue."

Mbaye aligeukia mlango wa chumba cha mzee. Hilo hakulijua. Lilionekana usoni mwake kwamba hakulijua, lakini mtu aliyekwishasema hapana mbele ya watu huona tabu kuimeza.

Ndipo Magatte, ambaye hakuna Mndiaye angeweza kumkasirikia hata akitaka, akajifuta saruji mikononi na kucheka.

"Kumbe ndivyo! Kila siku mnatupigia kelele kwamba nyinyi ni simba, simba wa Wandiaye, sifa mtindo mmoja. Leo nimeona kwa macho yangu. Kondoo analala kwenye vigae, na simba anaoga nyuma ya gunia. Nitawasimulia Wadiop wote mpaka Saint-Louis."

Arame aliuma mdomo asicheke, maana kucheka kungeharibu. Mbaye alimtazama fundi, akautazama ukuta, kisha akatoka. Walisikia akimfungua Jenerali na kumfunga kwenye nguzo ya uani. Halafu wakasikia pigo la kwanza la nyundo, kutoka upande wa pili.

"Polepole, we!" Magatte alipiga kelele. "Usinibomolee na hivi nilivyojenga!"

"Nyamaza, mlafi. Na vigae vya huku naving'oa vizima, vinakwenda kwa baba."

Walifanya kazi siku tatu, wote watatu, na Jenerali akilalamika uani. Ukuta mpya ukasimama hatua moja mbele, umevaa vigae vizima vya Jenerali. Choo kikatazama kaskazini. Magatte alileta komeo la shaba kutoka kwake, akakataa malipo yake, akasema ni zawadi ya bwana kwa watumwa wake. Arame akamrushia tambara.

Alhamisi asubuhi mzee Birame aliinuka. Mbaye, kwa mazoea ya miaka miwili, alikwisha kuwa nyuma yake na taulo begani na birika la plastiki mkononi. Mzee alisimama.

"Unakwenda wapi?"

"Kukusaidia, baba."

"Kunisaidia nini? Nipe birika langu." Akalipokea. Akachukua na taulo. Aliingia, mkono ukatafuta bomba la chuma ukalipata, na mlango ukafungwa. Komeo likalia kwa ndani.

Nje Arame na Mbaye walisimama wameshikana mikono kama watoto. Maji yakaanza kumwagika. Yakanyamaza, Arame akasogeza sikio mlangoni, kisha yakaanza tena, na juu yake ikapanda sauti ambayo nyumba ile haikuisikia tangu kiharusi:

"Khombole! Khombole! Wanaoshuka Bambey wajiandae! Diourbel, Diourbel!"

Mbaye alifunika uso kwa mikono yote miwili. Arame alicheka, machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta. Walingoja kituo baada ya kituo mpaka mzee alipofika huko mbali Tambacounda.

Komeo likavutwa. Mzee akatokea, kanzu safi, ndevu zinadondosha maji, kofia imekaa sawa. Akapita katikati yao kwa fimbo yake, akakaa kwenye kiti chake kivulini.

"Arame."

"Naam, baba."

"Niletee maji ya kunywa. Kikombe kikubwa."

Akanywa yote bila kupumzika, kisha akakinyoosha kikombe aongezewe.