Sikio Nyuma ya Leso

Mwaka wa themanini na saba, pale mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, Mombasa, bendi ya Mutua ilitafuta mpiga gitaa wa roki wa kwenda kupiga naye katika hoteli moja ya ufukweni. Wakajitokeza watatu: Boga, Wafula na Musyoka. Mutua na Musyoka wote Wakamba, na Mutua hakutaka maneno ya watu. Akatundika leso mlangoni, akamketisha Mwanatatu nyuma yake, awasikie bila kuwaona. Mwanatatu alikuwa akichoma mahamri ya kuuza katika ua wa nyumba ile, mazoezi yao yakimwingia masikioni kila siku, na hakuwa na upande.

Ndivyo walivyodhani. Hawakujua kuwa Boga alikwisha kumwambia: akipata kazi tu, wazee wake wanakuja kuposa.

Wa kwanza akapiga.

"Huyu anakaanga dagaa," Mwanatatu akasema. Ua mzima ukaangua kicheko, na Wafula akatukana, kumbe ni yeye.

Wa pili alimsisimua mwili. Gitaa lilikimbia kama mtu anayeshuka ngazi mbili mbili na haanguki. Wa tatu, kabla ya kuanza, aligonga ubao wa gitaa kwa kidole, mara mbili. Mwanatatu akamjua pale pale.

"Aliyepiga mwisho ndiye bora," akasema. "Wa katikati anamfuatia."

Boga akaenda hotelini. Posa ikapangwa Mfungo Mosi, mara baada ya Ramadhani.

Juma lile lile Musyoka akaja penye karai, asinunue kitu.

"Dada Mwanatatu, sikuja kugombana. Wewe huna upendeleo. Niambie nilipokosea, nijirekebishe."

Mwanatatu aligeuza mahamri yasiyohitaji kugeuzwa. Akasema lililomjia mdomoni: "Unakwenda mbio mno."

"Ahsante, dada." Na shukrani yenyewe ilikuwa ya kweli.

Tangu hapo, kila asubuhi, akamsikia Musyoka, chumbani mwake pale pale uani, akipunguza mwendo, leo kidogo, kesho kidogo, hata gitaa likawa linachechemea kama mtu mwenye kidonda mguuni. Mahamri yakawa yanaungua.

"Mwanatatu, una nini wewe siku hizi?" wateja wakamuuliza.

Baada ya wiki sita akasikia Musyoka anakwenda kujaribiwa na bendi ya Changamwe kesho yake. Akaepua karai, akaenda kupiga hodi.

"Nilikudanganya," akasema kabla ya kukaribishwa. "Wewe ndiwe uliyekuwa bora. Boga nilimjua kwa anavyogonga ubao. Ni mchumba wangu. Na zile mbio zako ndizo zilizokuwa utamu wenyewe."

Musyoka akasema: "Wiki sita, dada."

"Wallahi najua."

Musyoka akalichukua gitaa, akajaribu mwendo wa zamani. Vidole vikagongana. Akajaribu tena, akaacha. "Sikumbuki nilivyokuwa nikipiga."

"Mimi nakumbuka."

Hakuthubutu kuingia. Akakaa kizingitini, akaanza kuutoa mlio ule kwa mdomo. Musyoka hakumwangalia, ila vidole vikaanza kumfuata. Ua mzima ulikuwa ukisikiliza. Kufika jioni Boga angekuwa ameshaambiwa yote. Mwanatatu alilijua hilo, akaendelea kuimba.