Mwezi wa Kushuka Korongoni

Nachambua maharage kibarazani mchana, khanga yangu imejaa vishona nguo, vile vimbegu vya shambani vyenye miiba, nami sina nguvu ya kuving'oa, macho yanazidi kuwa mazito, na kizingiti cha mlango wangu kinakuwa mdomo wa korongo. Navuka. Njia inateremka, inapanda, inarudi palepale, hadi mji wa vioo wenye nyumba kumi na mbili, kila nyumba mwezi wake, na katika kila kioo namwona binti yangu Nakundwa, viatu vyake mkononi. Mtu asiye na uso ananishika kiwiko taratibu nisiteleze. Hata huku wapo wenye adabu. Ananiuliza, bibi, nini hufika kutoka usikotazama? Maji, baba, namjibu, wala usinikumbushe.

Kwetu anayetaka kushuka kwenye maporomoko ya maji huko korongoni hupita kwangu kwanza, kwa kuwa uani kwangu ndipo mlima wote unaonekana. Aprili ile ya miaka mitatu iliyopita Senzighe, kiongozi wa wageni, hakupita. Alimwambia Nakundwa, ona mbingu ilivyo safi, mama yako tutamsumbua bure. Mvua ilikuwa inanyesha mlimani. Maji yaliwafikia jua likiwaka, na Senzighe akapanda peke yake.

Na sasa ndiye huyu anakuja, kofia mkononi, na binti yake Navoneiwa. Shikamoo mama. Marahaba. Huyu kaniganda, anataka maporomoko. Tushuke leo, au tungoje? Safari hii nimekuja kuuliza. Safari hii, namwambia. Miaka mitatu nimelilea swali hili kama mtoto. Nyuma yake mlima umefunga mawingu, mweusi. Jibu ni wangoje Julai, masika yamekwisha, maji bado mengi, mawe yamekauka. Nalijua kama jina langu. Nasema, leo. Shukeni leo, baba, maporomoko yananguruma vizuri. Neno ni tamu, linateremka kooni kama asali, na katika vioo vyote Nakundwa ananitazama bila kucheka.

Msichana anapiga magoti mbele yangu. Bibi, ulipita wapi, ulilala na mbuzi? Baba, ngoja kidogo, vitamchoma. Anang'oa vishona nguo kimoja kimoja, anavipanga kizingitini, kama Nakundwa alivyokuwa akinifanyia nikitoka shamba. Kisha anapangusa mikono, baba yake anamwita, wanateremka. Nafungua mdomo kuwaita na mdomo unajaa maji.

Naamka. Jua bado kali, ungo umeniangukia miguuni, maharage yametapakaa. Khanga yangu haina kishona nguo hata kimoja. Vyote vimepangwa kizingitini. Mlima umefunga, mweusi. Sijui nimeamkia upande upi, na asali ile bado iko kooni, lakini nakimbia pekupeku hadi ukingoni mwa korongo na kupiga kelele, Julai! Navoneiwa, mwanangu, rudi, ni Julai! Huko chini kitu kinanguruma, na katikati ya ngurumo sauti ya msichana inaitika, abee bibi, au ni ya Nakundwa.