Pengo la Coletha

Mimi sina subira, na sijawahi kujifanya ninayo. Mume wangu, Maduhu, husema nikiinjika maji nayasimamia mpaka yachemke kwa aibu. Kwa hiyo binti yetu Coletha alipomaliza darasa la saba huku bado anacheka kwa kuvuta mdomo wa chini ufunike meno, nilisema basi, imetosha, mtoto huyu anakwenda kwa daktari wa kupanga meno.

Meno yake ya chini yalikuwa yamelaliana. Upande wa kushoto lilikosekana jino moja, na majirani zake wakaona pana nafasi, wakaegemea huko. Upande wa kulia jino lilikuwepo, ila liliota limepinda. Shuleni walimpa jina ambalo sitalitaja hapa. Coletha hakulalamika hata siku moja. Aliacha tu kuimba kwaya, akasema kwaya inamchosha, na mimi nilijua kilichomchosha.

Tunaishi Kilangali, karibu na mashamba ya mbegu. Daktari tulimpata Mikumi, kwenye kliniki ndogo kando ya barabara kuu, ambako huja mara moja kwa mwezi akitokea Dar es Salaam. Siku ya kwanza tulikwenda wanne: mimi, Coletha, mwanangu mchanga Shimba, na mama mkwe wangu, Bibi Teresia. Bibi Teresia ndiye aliyehamia huku na ng'ombe zao kutoka Shinyanga, Maduhu akiwa kijana mdogo. Mimi ni mzaliwa wa hapahapa, na tangu niolewe sijaona safari ya familia iliyoondoka bila yeye kuwamo.

Daktari aliitwa Goodhope. Alikuwa binti mdogo, nikadhani ni nesi, mpaka alipoanza kuzungumza. Alimpiga Coletha picha ya taya, akaitundika kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akatuonyesha kwa ncha ya kalamu. Jino chonge la kushoto, lile lenye ncha, halikuchelewa kuota. Halikuwepo kabisa, hata ndani ya ufizi. La kulia lilikuwa limeumia mzizi tangu zamani.

Kisha akaniuliza kwa upole kama mtoto, alipokuwa mchanga, aliwahi kutolewa meno ya plastiki.

Nilijibu haraka, tena kwa maringo kidogo. Nilimwambia mimi ni mtu wa kliniki, wanangu wote wana chanjo zote, na hayo mambo ya kuwachokonoa watoto fizi kila wakipata homa nayasikia kwa watu tu. Bibi Teresia alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu. Akavuta kitenge chake mabegani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Alitolewa."

Nikageuka. Akaeleza bila kuficha, maana hakuona cha kuficha. Coletha akiwa na miezi saba, mimi nililazwa Kilosa kwa malaria. Mtoto akabaki kwa bibi yake, akashikwa na homa na kuharisha, fizi zikavimba. Akina mama wa jirani wakamwangalia mdomoni, wakasema hayo ni meno ya plastiki, asipotolewa atakufa. Bibi akambeba mpaka kwa Mzee Ditram, fundi baiskeli, ambaye pia alikuwa fundi wa shughuli hiyo. Akayatoa kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Yalikuwa meupe na laini, bibi aliyaona kwa macho yake. Baada ya siku chache mtoto akapona, na mimi niliporudi sikuambiwa, kwa sababu mgonjwa hasumbuliwi.

"Nilikuokolea mtoto," akaniambia, na nikaona kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa ameliweka jambo hilo moyoni kama sifa yake kubwa kuliko zote.

Daktari Goodhope alimjibu kwa heshima, akimwita bibi. Akasema vile vitu vyeupe vilikuwa meno ya kweli ya mtoto, machanga, yaliyokuwa yanajiandaa kuota. Spoku iliyaondoa, ikaharibu na meno ya ukubwani yaliyokuwa chini yake. Kuharisha kulikwisha kwenyewe, kama kunavyokwisha mara nyingi mtoto akipata maji ya kutosha. Watoto wengine, akasema, kidonda huingia wadudu na hawaponi. Bibi Teresia akasikiliza mpaka mwisho. Hakubisha. Aliomba tu kuonyeshwa tena pale kwenye picha.

Coletha akafungwa vyuma siku hiyohiyo. Daktari alisema atayanyoosha meno yaliyolala na kuiacha wazi nafasi ya jino lililopotea, ili akishakua awekewe jino la bandia. Maana yake ni kwamba pengo lingeonekana zaidi kabla mambo hayajawa mazuri. Coletha akaniangalia mimi, si daktari, na mimi, kwa hasira niliyokuwa nayo, nilikuwa namkodolea macho bibi yake.

Nyumbani nilimweleza Maduhu. Akakohoa, akaenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe wa mume wangu huangaliwa sana kila panapokuwa na neno nyumbani.

Sikumgombeza mama mkwe. Kila asubuhi nilimpa shikamoo yake, akaitikia marahaba, na baada ya hapo hatukuwa na mazungumzo. Lakini Shimba sikumwachia tena. Nilikwenda naye mtoni, nilikwenda naye shambani, nilipika akiwa mgongoni. Bibi akinyoosha mikono kumpokea, nilisema mtoto anataka kulala. Alikwishaelewa siku ya kwanza tu, na hakuomba mara nyingi.

Mapenzi yake yote akayahamishia kwenye mdomo wa Coletha. Wiki ya kwanza, vyuma vikiuma, alimpikia uji mwepesi na viazi vya kupondaponda. Aliposikia karanga nzima zimekatazwa, akamtwangia. Shemeji yangu alipoleta miwa kutoka Ruhembe, bibi akakaa na kisu akaikata vipande vidogo kama sukari guru, mpaka nilipomwambia kwamba hata hivyo hairuhusiwi. Akavila mwenyewe, kwa meno yake machache. Niliona huruma, nikaikataa.

Ndivyo tulivyofika msimu wa masika.

Siku moja Coletha aliamka na waya umechomoka, unamchoma shavu kwa ndani. Kwa bahati ilikuwa siku ya daktari kuwepo Mikumi. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara inayopita kijiji cha Ulaya imekuwa tope tupu, na mtoto mchanga si wa kupitishwa huko juu ya pikipiki. Nikamwacha Shimba kwa Maduhu, pamoja na uji wake, nikamwambia mume wangu mbele ya mama yake, wala sikushusha sauti: mtoto asitoke mikononi mwako. Bibi Teresia alikuwa anafagia. Aliendelea kufagia.

Daktari alikuwa ameshaukata ule waya na kuweka mwingine simu ilipoita. Alikuwa Sesilia, jirani yetu, mama mwenye moyo mzuri na mdomo usiopumzika. Akaniambia ng'ombe wetu wameingia kwenye mpunga wa watu, Maduhu amekimbilia huko na kumwachia bibi mtoto. Shimba ameanza kuharisha na anachemka. Yeye Sesilia alishamwambia bibi kwamba hayo ni meno ya plastiki, yeyote anaona. Na sasa hivi, Mama Coletha, mama mkwe wako ameonekana anaelekea kwa Mzee Ditram, mtoto yuko mgongoni.

Nilipiga simu ya Maduhu, haikupatikana. Bibi Teresia hana simu. Nikamshika Coletha mkono, tukapanda pikipiki ya kwanza tuliyoiona, nikamwambia dereva akimbie. Naye akakimbia kadiri tope lilivyomruhusu, yaani kidogo sana. Niliona ile spoku. Niliona fizi za mwanangu. Nilimtukana mama mkwe kimoyomoyo kwa maneno ambayo sikujua ninayajua, nikamtukana na Maduhu, nikamaliza kwa kujitukana mimi niliyewaachia mtoto. Coletha, nyuma yangu, alinishika kiuno.

Nyumba ya Mzee Ditram iko mwisho wa kijiji, ina kibanda cha baiskeli mbele. Nilishuka pikipiki haijasimama sawasawa. Mzee alikuwa kwenye kigoda chake. Shikamoo ikanitoka kwa mazoea, naye akaitikia. Mlangoni, katikati kabisa, Bibi Teresia alikuwa amekaa chini amenyoosha miguu, Shimba amelala mapajani mwake. Mbele yake alisimama msichana mmoja niliyemfahamu kwa sura, anaitwa Agness, amebeba mtoto wake wa kwanza anayelia kwa sauti ya kuchoka.

Sikuuliza. Nilimnyakua Shimba, nikamfungua mdomo kwa kidole. Fizi zilikuwa nzima. Zimevimba, nyekundu, zina mate tele, lakini nzima. Homa yake ilikuwa ndogo. Kwenye pindo la kitenge alichofungiwa nikaona pakiti za dawa ya kuharisha, ile ya kuchanganya na maji, za zahanati yetu.

"Alishakunywa," bibi akasema. "Nesi amesema nimpe tena kila akiharisha."

Basi nikaelewa, na yaliyobaki nilisimuliwa baadaye. Maduhu alipoondoka, alimbeba mtoto moja kwa moja zahanati. Akiwa anasubiri dawa, akamwona Agness kwenye foleni na mtoto wa homa, na Sesilia amemwinamia anamshauri. Agness akatoka kwenye foleni. Bibi alipopewa dawa yake tu, akamfuata mpaka huku. Alipofika, mtoto wa Agness alikuwa bado hajashikwa. Shughuli hiyo mzee huifanyia ndani, kwa hiyo bibi akakaa mlangoni, akasema atakayepita apite juu yake. Hakuna mtu wa Kilangali atakayemruka mwanamke mzima aliyekaa chini na mtoto mapajani, na yeye alilijua hilo.

Lakini Agness hakuwa amekubali. Alikuwa analia kama mtoto wake. Alisema bibi anataka mwanawe afe, alisema kila mtu anajua mjukuu wake alitolewa hapahapa akapona, kwa nini wake azuiwe. Bibi, akijua Sesilia lazima atanipigia simu na mimi nitakimbilia hapa na Coletha, alikuwa amemwambia mjukuu huyo yuko njiani, amsubiri amwone kwanza. Walikuwa wanasubiri hivyo tangu mchana.

Bibi Teresia akamtazama Coletha. Hakumwamuru. Nilivyozoea kumsikia akiamuru wajukuu, sauti ile ilinishangaza.

"Mjukuu wangu," akasema, "kama hutaki, sitakulaumu."

Coletha alisimama pale na tope hadi magotini. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwezi mzima alikuwa ananywa maji amegeukia ukuta ili mtu asione lile pengo, maana vyuma vilikuwa vimeshaanza kulifungua, na sasa lilikuwa wazi, jeusi, kila jino la jirani limesimama mbali nalo. Alimwendea Agness. Akavuta mdomo wake wa chini kwa vidole viwili, akaushikilia.

"Huyo nilimleta mimi," bibi akasema. "Alikuwa na homa kama ya wako. Ile homa ilikuwa iishe tu. Nilichomtoa kilikuwa jino lake, na halikurudi. Na aliyeniambia hivyo hakuwa adui yangu, alinionyesha kwenye picha nikaona. Nimejisifu miaka yote kwa jambo hili. Usije ukajisifu na wewe."

Agness aliangalia. Mzee Ditram naye akainuka kwenye kigoda, akasogea, akainama na miwani yake iliyofungwa uzi. Aliangalia kwa muda, kama anavyoangalia gurudumu lililopinda.

"Watoto hawarudishwi kwangu wakishakua," akasema polepole. "Sikuwahi kumwona hata mmoja."

Akarudi kukaa. Matusi niliyokuja nayo njia nzima nikayaacha palepale.

Coletha aliachia mdomo wake. Akamwambia Agness, kwa ile sauti yake ndogo, kwamba zahanati hawajafunga, na kama anataka atamsindikiza. Agness akajifuta uso kwa kanga. Akamgeuza mtoto begani, wakatangulia wawili.

Sisi tukafuata. Nilimbeba Shimba kifuani. Mama mkwe alitembea nyuma yangu kidogo, mikono mitupu, pembeni mwa njia, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Nilisikia kandambili zake zikinasa kwenye tope. Nilitembea hatua kadhaa nikiwa nimevimba, kwa sababu hasira nayo haiondoki kwa kuambiwa. Kisha nikasimama.

"Mama," nikasema, "nimechoka. Mbebe wewe."

Hakuuliza mara mbili. Akainama pale pale njiani, akanipa mgongo. Nikamlaza Shimba juu yake, nikazungusha kitenge, nikapitisha pindo chini ya kwapa.

"Kaza," akasema. "Nisije nikamwangusha."

Nikakaza.