Kamba ya Bienvenu

Huu mchezo wa bariere, Bienvenu njo aliuleta hapa kijijini Kingi. Kama si yeye, ile kamba tungekuwa tunairuka tu, kama wasichana wote. Lakini wapi! Bwana mkubwa alienda sokoni Masisi, akaona wanaume wenye bunduki wamefunga barabara, akarudi na akili mpya. Akafunga kamba ya mbuzi kwenye muti wa avoka, upande wa pili akaushika mwenyewe, akakata njia ya kisimani. Unataka kupita? Sema jina. Jina likimpendeza, kamba inashuka.

Wamama walipita wakicheka. Mama Pétronille, jirani yetu, alimpa hata ndizi mbivu na kumwita komanda. Mimi nilisimamishwa.

"Jina?"

"Bienvenu, unanijua. Tunakaa benchi moja darasani."

"Jina yote!"

"Noëlla Ndagijimana."

"Ahaa." Akawageukia wenzake. "Hiyo jina haiko ya hapa. Rudi kwenu!"

Kwetu! Kwetu ni ile nyumba ya mabati kule juu, unaiona ukisimama palepale kwenye kamba. Baba alizaliwa mulemule, na babu alilima maharagwe kwenye kilima hichohicho. Mama yangu Adelaïde ni Muhunde, kabila la hapa hapa, hata akiota ndoto anaongea Kihunde. Lakini jina la baba ni la Kinyarwanda, na hilo lilimtosha Bienvenu. Tena akanishauri, eti kwa wema: "Sema tu jina ya mujomba wako. Sema Akilimali, utapita." Nilimjibu kwa neno ambalo mama hataki nilirudie.

Tangu siku ile nikawa nazunguka kwa mashamba ya mihogo, bidoni ya maji kichwani, miguu ikikwaruzwa na miti, roho inachemka. Mudogo wangu Solange, ambaye hata kusoma hajaanza, alinifuata akilialia.

"Dada, kwa nini sisi tunapita huku?"

"Kwa sababu sisi tuko na jina ya baba," nilimwambia.

Jioni baba aliniosha mikwaruzo kwa maji ya chumvi. Nilimwambia nilivyokataa, nikamwona anatabasamu, na kesho yake nikazunguka tena kwa furaha.

Kisha baba akagonjwa tumbo. Mujomba Akilimali alimpeleka hospitali ya Kirotshe, wakampasua, halafu mujomba akarudi kwa kazi yake. Na hospitali, kama watu wako hawakuletei chakula, unalala njaa. Mama alingoja barabara itulie. Haikutulia. Asubuhi moja akapika bugali na sombe ya majani ya mihogo, akafunga sufuria ndani ya kitenge, akatupandisha sote juu ya moto, pikipiki ya kukodi. Kutuacha nyumbani peke yetu, na hizi bunduki zinazolia kila mara, hakuthubutu.

Mimi sikutulia njia yote. Nilikuwa nageuka huku na huku, mpaka dereva akasema nitatuangusha. Kabla ya kona, mama alimwambia asimame.

"Noëlla, nisikilize. Huko mbele kuko bariere. Wakikuuliza, wewe ni Noëlla Akilimali. Solange, na wewe ni Akilimali. Mumesikia?"

"Mama, mimi siwezi..."

Alinishika mukono kwa nguvu, mama ambaye hajawahi hata kunifinya. "Baba yako iko na njaa. Unataka akule, ao unataka kubishana?"

Bariere yao ilikuwa muti murefu juu ya mapipa mawili. Kwa wale wanaume wenye bunduki nilimtambua Bienvenu: namna ya kuinua kidevu, namna ya kuwageukia wenzake. Kumbe hakubuni kitu, yule mupumbavu, aliiga tu. Kijana mwenye bunduki alitazama karte ya utambulisho ya mama, akairudisha. Kisha akanitazama mimi. Pua, paji la uso, tena pua.

"Wewe, uko mutoto ya nani?"

Jina la baba lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini kwa Bienvenu nilikuwa napinga kamba ya mbuzi. Hapa niliona bunduki, na nikaona sufuria ya baba mikononi mwa mama.

"Akilimali," nikasema.

"Na huyu mudogo?"

"Akilimali!" Solange akapaza sauti, kidevu juu.

Kijana akacheka. Akampapasa kichwa, akainua ule muti. "Pita, mutoto ya kwetu." Solange akafurahi kweli kweli. Mimi nikaficha uso.

Baba alikuwa amekonda, lakini alikula. Mama alinikonyeza ninyamaze; sikuweza. Nikamwambia yote: jina walilotuuliza, jina tulilosema. Nilitaka akasirike. Nilitaka anigombeze mbele ya wagonjwa wote, aseme, mutoto gani huyu anayenikana.

"Mulifanya vizuri," baba akasema. Hakunitazama. Akaomba sombe nyingine.

Nililia njia yote ya kurudi, na dereva akadhani ni kwa ajili ya ugonjwa wa baba.

Kesho yake tulienda kisimani, Solange mbele na kidumu chake. Sikumwita tupite kwa mihogo, nilikuwa nimechoka. Kamba ilikuwa palepale.

"Jina?" Bienvenu akauliza.

"Solange Akilimali!"

Kamba ikashuka. Watoto wakampigia makofi, naye akapita akiruka ruka. Kisha kamba ikapanda tena mbele ya kifua changu.

"Na wewe?"

"Noëlla Ndagijimana."

Bienvenu akatikisa kichwa. Solange alinitazama kutoka ng'ambo ya kamba, uso umemkunjamana, kama mimi njo nisiyeelewa.

"Sema tu Akilimali, dada. Si tulisema? Hata baba alisema ni vizuri."

"Mudogo wako iko na akili kukupita," Bienvenu akasema.

"Wewe nyamaza! Solange, rudi hapa. Rudi sasa hivi, tupite kule kwetu, kwa mihogo."

Solange aliitazama kamba, akanitazama mimi, akatazama mihogo.

"Siwezi, dada," akasema. "Nikirudi huko, hawatanipitisha tena."

Akageuka, akaenda kuchota maji.