Ndoo za Mpangaji

Siku ya nne Mpangaji alipokataa mnyoo, Spoku alijua mambo yameharibika.

Mpangaji alikuwa mkunga, samaki wa mtoni mrefu kama nyoka, mweusi mgongoni, manjano tumboni. Kwa miaka tisa alikaa kwenye tangi la kioo sebuleni, ndani ya kipande cha bomba la plastiki, akitoa kichwa wakati wa kula tu. Jina alipewa na mke wa Spoku. "Halipi kodi, hafagii, na chumbani hatoki mpaka asikie sahani," alikuwa akisema, huku akimlisha kwa vidole. Spoku akisogea tu, mkunga alirudi bombani.

Sasa mke huyo alikuwa na miezi miwili kaburini. Hospitali ilimpanga foleni mpaka ugonjwa ukachoka kusubiri. Kwa hilo Spoku hakuwasamehe wakubwa, wala hakukusudia. Ufundi baiskeli haukumpa kisomo, lakini ulimfundisha jambo moja: kitu hakiharibiki chenyewe, kuna mtu kakiharibu. Katika nyumba ile, kiumbe pekee kilichokuwa bado kinamsubiri marehemu ni Mpangaji. Huyo Spoku hangewaachia wamuue.

Alikwenda kituo cha mifugo. Daktari, kijana mwenye buti ambazo hazijawahi kukanyaga zizi, hakuinua macho.

"Ana madoa meupe kama unga," Spoku akaeleza. "Ute unambanduka vipande vipande. Kichwa kakiweka juu ya maji, anameza hewa. Na yote yalianza wiki mbili hizi, nilipomsafishia tangi."

"Ukungu huo. Tia chumvi kidogo, badilisha nusu ya maji kila siku."

"Huji kumwona?"

"Mzee, mimi nina ng'ombe wa watu. Wewe una kitoweo."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka.

"Na ng'ombe si kitoweo, mwanangu? Mbona hao unawatibu?" Spoku akamwuliza daktari.

Foleni nzima ikacheka, lakini dawa ilibaki ile ile. Kila asubuhi Spoku alichota nusu ya maji, akaingiza mpira wa bomba, akajaza. Kila asubuhi mkunga alizidiwa. Matamvua yake, pale anapopumulia, yalikuwa mekundu kama goti lililochubuka. Mwisho hakujificha tena. Alilala juu ya bomba lake kama mkanda uliodondoka.

Shemeji, mdogo wa marehemu, alipokuja kumjulia hali, hata kuketi hakuketi.

"Shemeji, unampa maji gani huyu?"

"Ya bomba. Kwani kuna mengine?"

"Ndoo za dada ziko wapi?"

Spoku akageukia ukumbini. Ndoo sita zilikaa ukumbini miaka yote hiyo, zimejaa maji, bila vifuniko. Kila siku alizigonga kwa ugoko na kufoka, "Hii ni nyumba au kituo cha zimamoto?" Mkewe, jikoni, alicheka tu. Spoku aliamini anaweka akiba, maana watu wa maji hukata wanapojisikia. Wiki moja baada ya mazishi alizibeba zote akampa mwosha magari wa kwenye kona.

"Alikuwa anayalaza," shemeji akasema. "Maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu. Wewe haikudhuru, samaki inamchoma. Dada aliyaacha wazi siku nzima, usiku na mchana, dawa ipae, ndiyo amtilie. Hakukwambia?"

"Sikumuuliza."

Alifungua bomba akanusa. Harufu ikampanda puani, harufu ya ile wodi ya mkewe.

"Watu wa maji wamezidisha! Nani katangaza? Wanatumwagia tu kama wanaosha vyoo!"

"Huenda wamezidisha," shemeji akasema polepole. "Lakini kila asubuhi, nani alikuwa anammwagia Mpangaji?"

Spoku alitoka, akaenda hadi kwenye kona.

"Mzee, si uliapa hutaki kuziona tena hizi?" mwosha magari alimwuliza.

"Niliapa. Nipe."

Nne zilikuwa zimeshanywa sabuni, hazifai. Mbili, za kusuuzia, zilikuwa salama. Alizisugua, akazijaza, akazipanga ukumbini mahali pake pa zamani. Shemeji akamwambia asiziguse mpaka kesho alasiri.

Kungoja hakukuwa kazi yake. Alichukua pampu ya baiskeli, akaifunga kijimpira chembamba, akakitumbukiza tangini, akaanza kupuliza. Viputo vikapanda. Mkunga akajivuta kuvifuata. Spoku alipuliza mpaka bega likafa ganzi, shemeji akampokea, kisha akapokea tena yeye. Alipoingiza mkono kukishika kijimpira kisielee, Mpangaji aliegemeza kichwa kwenye vidole vyake, akakiacha hapo. Mara ya kwanza kwa miaka tisa. Spoku hakujua kama amemzoea au amekosa nguvu ya kukimbia.

"Vumilia, bwana," alimwambia. "Yanaiva."

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, matamvua yaliacha kufunguka. Maji yalikuwa bado hayajatimiza saa zake.

Shemeji alimfunga kwenye khanga kuukuu ya dada yake, wakamfukia nyuma ya nyumba, karibu na karo la maji machafu. Spoku alinawa, akavaa shati la kutokea. Alikuwa na maneno ya kumwambia yule mwenye buti safi, na ya watu wa maji alikuwa nayo zaidi, yamejipanga kifuani tayari. Alitoka sebuleni kwa kasi, akagonga ugoko kwenye ndoo.

"Hii ni nyumba au..."

Alingoja kidogo. Upande wa jikoni hapakucheka mtu. Aliinama taratibu, akaweka pua juu ya ndoo, akanusa.

Maji hayakuwa na harufu yoyote.