Msalaba Uliotembea Bila Ruhusa

Wanaume wa kijiji chetu cha Vathilimano, hapa pwani ya Ugiriki, ni mashujaa wote, mpaka maji yapoe.

Kila Januari, siku ya Epifania, tunapokumbuka ubatizo wa Yesu, Padri Lefteri huutupa msalaba baharini pale gatini. Wanaume huuchupia, na anayeuopoa huulaza nyumbani kwake usiku huo, nyumba ikabarikiwa mwaka mzima. Zamani vijana waligongana vichwa chini ya maji. Sasa vijana wako Athene na Ujerumani, nasi tumebaki na wenye ngiri, wenye presha, na mwenyekiti wetu Aristidi, ambaye hana ugonjwa wowote ila maneno.

Jirani yangu Kaliroi huogelea kila asubuhi, kiangazi na kipupwe. Mwaka huo mumewe, Panteli, alikuwa hainuki tena kitandani, na daktari alishaacha kuzungumzia Pasaka. Panteli alitaka kitu kimoja tu, aubusu msalaba. Basi Kaliroi akaenda mkahawani kwa wanaume, akasema mwaka huu atachupa yeye.

Aristidi alicheka mpaka kahawa ikamwagika. "Wewe, mama mzima? Tangu lini?"

"Tangu nyie mlipoanza kuvaa soksi mbili mbili."

"Shemeji, mila ni mila. Mwanamke akichupa, samaki watahama."

"Samaki gani? Si mnakula wa kopo! Haya, basi mleteeni Panteli msalaba nyumbani."

"Msalaba hulala kwa aliyeuopoa. Tukianza kuugawa kwa huruma, kesho kila mwenye mafua atautaka."

Wakamteua Strati, mwoka mikate, kwa hoja kwamba na tumbo lile hawezi kusikia baridi.

Siku ikafika, na upepo wa kaskazini nao ukafika. Padri akautupa msalaba. Strati akajipiga ishara ya msalaba mara kadhaa, mpaka Padri akamwambia, "Inatosha, mwanangu, Mungu ameshakuona." Akaruka. Akaibuka mdomo wazi, sauti hana, mguu umekaza, akazama tena. Wanaume wakamsaidia kwa ushauri.

"Piga mateke, Strati!"

"Usiogope! Vuta pumzi!"

Kaliroi alivua koti na viatu, akajitosa, akamtoa kwa zile nywele chache alizobakiwa nazo.

"Na msalaba?" Aristidi akauliza.

"Mtu nusura afe, unaniuliza msalaba?"

"Lakini shemeji, si ulikuwa kule kule? Ungeupitia tu."

Nilitamani nimsukume majini na kofia yake. Lakini ibada haiwezi kwisha msalaba ukiwa baharini, kwa hiyo wanaume wakanong'onezana, na mwenyekiti akatoa hukumu: kwa kuwa Kaliroi ameshalowa, aurudie, kisha amkabidhi Strati, na Strati ndiye atakayehesabiwa kauopoa.

Kaliroi hakubishana. Akapiga mbizi, akakaa chini mpaka nikaanza kulia. Akaibuka na msalaba, akapanda ngazi za gati, akampita Strati aliyenyoosha mkono kutoka ndani ya blanketi, akampita mwenyekiti, akashika njia ya kwake pekupeku.

Kwetu msalaba ukitembea, watu huufuata. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba ungetembea bila ruhusa. Padri akatazama mbinguni, akamtazama Aristidi, kisha akaanza kuimba na kuufuata. Tukaandamana sote, isipokuwa Strati aliyepelekwa jikoni mwa mkahawa akaote moto. Aristidi alikuwa wa mwisho, akinung'unika kwa mahadhi ya wimbo.

Tukajaa chumbani kwa Panteli. Kaliroi akaugusisha msalaba midomoni mwa mumewe, maji yakamtiririka kidevuni. Panteli aliubusu akafumba macho. Alipoyafumbua, akatutazama mmoja mmoja.

"Kauopoa nani mwaka huu?"

Aristidi akakohoa. "Sisi, kaka. Kijiji kizima."

Panteli akapapasa nywele za mkewe, zilizokuwa zikidondosha maji juu ya shuka.

"Hongereni," akasema. "Na wote mmeshakauka."