Nyuma ya Ukuta wa Jiko

Usiku wa jana, nilipopitiwa na usingizi huku mwanangu kaning'ang'ania kifuani, niliota nimesimama darasani na chaki inakataa kuandika.

Lakini ndoto haianzii kitandani, kwa hiyo niseme kwanza ya mchana. Mimi ni mwalimu wa saikolojia katika chuo cha ualimu. Kila mwaka nawafundisha wanachuo kwamba nafsi ya mtu hukua kwa hatua, kwamba hatua ya kwanza ni ya kinywa, na kwamba mtoto asiyeivuka vizuri hukwama hapo, akawa mtu mzima wa kutafuna kucha na kalamu. Nayasema hayo huku natafuna chaki. Wanachuo wananiita Mwalimu Chaki na wanadhani sijui. Nyumbani nina Salha, mwenye meno kamili na maneno mengi kuliko meno, na bado ananyonya. Ndiyo maana walisema mganga hajigangi.

Mama yangu, Bi Mwanakombo, alikuja juzi kutoka Pangani kunisaidia kumwachisha ziwa. Alileta kipande cha shubiri, ya kupaka kwenye chuchu ili mtoto aonje uchungu na akate tamaa mwenyewe. Alileta pia khanga moja kuukuu ya kumfunikia mjukuu wake, laini kwa kufuliwa, maandishi yamefutika na ncha moja imetafunwa. Nilimwambia khanga hii imeliwa na panya. Akasema labda.

Shubiri niliitupa jaani jana jioni. Mama akaniambia kwamba hata mimi niliachishwa kwa shubiri na sikufa. Hapo ndipo liliponitoka neno ambalo sikujua kama nimelibeba.

"Ulinipaka uchungu mdomoni, ukanitupa kwa Bibi, ukaenda zako," nikasema. "Mimi wangu simtupi."

Mama aliingia chumbani akaanza kukunja nguo zake, na kutoka huko akasema kwa upole kwamba asubuhi atawahi basi la kwanza. Nilitaka kumwomba asiende. Badala yake nikakipiga teke kiti cha plastiki, nikaenda kulala na donge rohoni.

Basi chaki inakataa. Nimekwisha kuandika ubaoni "Hatua ya Kinywa" na nataka kuingia ya pili. Chaki inasema, kwa sauti ya mtu aliyeudhika lakini mwenye adabu, "Mwalimu, siandiki ya pili mpaka uimalize ya kwanza."

Naiambia niliimaliza zamani, nina shahada. Chaki inaniuliza, kama ni hivyo, yenyewe inafanya nini mdomoni mwangu. Najipapasa, na kweli imo mdomoni. Wanachuo wananakili jambo hilo kwa makini.

Kengele inalia. Wote wanainuka kwenda hatua ya pili, ile ya mtoto kujifunza choo, ambayo iko chumba cha jirani, kila mmoja na poti lake mkononi. Nami nainua mguu niwafuate, mguu haunyanyuki. Saruji imenimeza mpaka kwenye vifundo. Mwanachuo mmoja wa nyuma, mama mtu mzima aliyeacha wajukuu kuja kusoma, anasimama mlangoni na poti lake kwapani akinitazama kwa huruma.

"Mwalimu, si wewe uliyetufundisha kwamba nafsi ni muhogo, majani juu na chakula ardhini?" ananiambia. "Jing'oe."

Nilifundisha hivyo kweli, siwezi kukana. Nashika nywele zangu kwa mikono miwili na kuvuta kwa nguvu. Badala ya kutoka, nazama. Sakafu ya chuo ni laini kuliko wanavyotuambia kwenye vikao.

Chini kuna jiko. Katikati ya jiko kuna chungu kikubwa kinachochemka, juu yake mfuniko wa bati uliobonyea, na kwenye boriti imening'inia pasi ya mkaa inayotoa moshi puani.

"Karibu," mfuniko unasema. "Mimi ndiye wewe."

Nauambia nilidhani mimi ni mkubwa kidogo. Mfuniko unasema wengi hudhani hivyo. Kisha unanieleza kazi yake, bila kulalamika, jinsi mzee wa ofisi anavyomweleza mgeni. Chungu kinataka kila kitu sasa hivi. Pasi haitaki chochote kilichokunjamana. Wenyewe uko katikati, unaungua chini na kukemewa juu, na tangu nizaliwe haujapewa likizo. Nikilala hujilegeza kidogo ili mvuke upite, na mvuke huo ndio ndoto. Nikauonea huruma sana mfuniko ule, maana sikuwahi kuuliza nani anashika zamu ndani yangu.

"Nyoosha mgongo," inasema pasi kutoka juu. Ina sauti ya Bibi, ya mama na ya mwalimu wangu wa madrasa, zote kwa pamoja. "Na mama hasemwi."

Najitetea kwamba hakuna aliyemsema. Pasi inasema jana jioni alisemwa, tena kwa sauti. Nanyoosha mgongo.

Mlango unafunguka, kinaingia kiti cha plastiki kikichechemea. Kimeshika kifurushi cha gazeti. Kinaniamkia, kinakataa kuketi, kinasema kimekuja kurudisha teke.

"Mimi na wewe hatuna ugomvi," kinasema kiti. "Hili lilikuwa la mtu mwingine, ukaniletea mimi kwa sababu mimi sisemi."

Nakiri kwamba lilikuwa la mama. Kiti kinatikisa mgongo wake wa plastiki na kuniambia hata mama si lake, nifungue nione. Nafungua gazeti. Ndani mna teke dogo mno, la mguu usiojaa kiganja, na bado lina joto. Si la jana. Ni la mtoto wa miaka miwili, limekaa miaka yote hii likitafuta mahali pa kutua.

Chungu kinapolinusa teke kinaanza kutokota kwa fujo, na mfuniko unaruka juu na chini.

"Mwenyewe kadai chake," mfuniko unaniambia kwa taabu. "Mwalimu, nimechoka. Naomba nisogee."

Pasi inasema usisogee. Inasema nyumba nyingi zimeharibika kwa mifuniko iliyosogea. Wote wawili wananitazama mimi, na kiti pia. Mimi ambaye huwaambia wanachuo kwamba kilichofichwa ndicho kinachotutawala, nagundua naogopa. Usilolijua ni usiku wa kiza, lakini usiku ule nilikwisha kuuzoea.

"Sogea," nasema.

Mfuniko unasogea. Inatoka harufu ya shubiri, halafu ya moshi wa makuti, na bila ya mtu yeyote kupiga hatua tuko katika jiko la Bibi kule Pangani. Kuku wanapita. Kando ya mafiga ameketi mtoto wa kike mwenye ushanga mwekundu kiunoni, analia kwa sauti yangu ya darasani.

"Umechelewa," ananiambia. "Wewe umekwenda shule, umeolewa, umezaa. Mimi nipo palepale. Ilibidi mmoja wetu abaki alie."

Moyo uliniuma, nasema kweli. Nilichuchumaa nikamrudishia teke lake, akalipokea na kuliweka mapajani. Nikamuuliza anataka nimfanyie nini. Akasema nichukue chaki niandike ukutani kwamba mama aliondoka, ili ijulikane, ili asiendelee kukumbuka peke yake.

Natoa chaki mdomoni. Safari hii haikatai. Naunyoosha mkono, na ukuta unakohoa.

"Msiandike kwanza," unasema ukuta. Ni ukuta wa udongo, umekuwa mweusi kwa masizi na hauna haraka. "Mimi nina pande mbili, na ninyi mnaujua mmoja tu."

Kisha unajigeuza, taratibu, namna anavyojigeuza mtu aliyelalia ubavu mmoja mpaka ukafa ganzi.

Upande wa pili kuna uchochoro wenye migomba, na mwanamke kijana amesimama akiwa ameegemeza sikio ukutani. Gauni lake limelowa kifuani, kulia na kushoto. Mdomoni ameuma ncha ya khanga. Ananiona, anaitoa ncha haraka, anainama kwa heshima.

"Shikamoo dada," ananiambia, na hapo nauona mwanya ninaoujua, kati ya meno yake ya mbele, juu na chini.

Ni mama yangu. Ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, angeweza kuwa mwanachuo wangu. Sijui nifanye nini. Kumwitikia mama yangu marahaba ni mwiko, na kumwachia mtu salamu yake mkononi ni mwiko vilevile. Natazama juu. Pasi imenifuata, imening'inia kwenye mgomba, na kwa mara ya kwanza haitoi moshi.

"Itikia," inasema. "Mimi nitaangalia kule." Na kweli inageuka.

"Marahaba," nasema.

Akanisimulia kwa haraka, akinong'ona. Alikuwa na homa wiki nyingi na maziwa yanamkatika, na mtoto hamwachi. Bibi akamwambia aende kwa dada yake mpaka mtoto asahau, kwani akisikia hata harufu ya mama kazi yote inaanza upya. Aliaga, akabeba mkoba, watu wakamwona akiondoka. Hakufika hata njia panda. Tangu siku hiyo kila jioni yuko nyuma ya jiko. Mtoto akilia, maziwa machache aliyonayo hutoka yenyewe. Naye anapokaribia kuitika, huitia khanga mdomoni.

"Dada, wewe umetoka ndani," ananiambia. "Kanyamaza?"

Nasikiliza. Ndani mtoto analia.

"Bado," nasema.

Anaitia tena ncha mdomoni, anaitafuna taratibu, palepale alipoitafuna jana na juzi, machozi yanamtiririka na hatoi sauti. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilikuwa nikiusema msemo huo kwenye sherehe, na sikuwahi kuuona umesimama kwa miguu yake.

Kisha ananishika mkono. "Akikua," ananiuliza, "atajua kwamba nilikuwa hapa?"

Nafungua mdomo nimjibu, na mdomo umejaa chaki. Natafuna, natema, inajaa tena. Namwona anangoja. Ukuta unaanza kujigeuza upande wake wa zamani, taratibu, na mimi natafuna kwa nguvu zangu zote ili nipate nafasi ya neno moja.

Nikaamka.

Kulikwisha kupambazuka. Chumba cha pili nilisikia zipu ya mkoba ikifungwa. Salha alikuwa amelala chali, mdomo wazi, na ngumini ameshika ncha iliyotafunwa ya khanga ile kuukuu. Nilimfungua vidole kimoja kimoja nikaisogeza ncha kwenye mwanga wa dirisha.

Panya hukata na kuacha nyuzi. Hapa hapakuwa na kukatwa. Palikuwa na alama za meno, safu ya juu na safu ya chini, zimerudiwa mahali palepale mpaka kitambaa kikawa chujio. Na katikati ya kila safu kulikuwa na kijistari kimoja kizima, ambacho jino halikukigusa kamwe.

Nilitoka na khanga mkononi. Mama alikwisha kuvaa baibui. Mkoba wake ulikuwa juu ya kiti cha plastiki, ambacho kilikuwa kimepinda mguu mmoja na kuegemea ukuta.

Nilimwamkia, akaniitikia, akasema basi halichelewi. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwomba radhi, na yote yalinikwama isipokuwa lile alilokuwa akilingoja.

"Najua ulikuwepo, mama," nikasema. "Nyuma ya jiko."

Mama alinitazama, halafu akaitazama khanga. Uso wake ukawa, kwa kitambo, ule ule wa uchochoroni, wa msichana aliyekutwa mahali asipotakiwa kuwa.

"Nani kakwambia?"

"Ukuta," nikasema.

Hakucheka. Alipangusa jicho kwa upande wa baibui, na nje basi likapiga honi likapita. Wala hakugeuza shingo. Chumbani Salha aliamka akaanza kuniita, kwanza kwa jina la mama, kisha kwa jina la ziwa. Miguu yangu ikaanza kwenda yenyewe, kama kila asubuhi, nami nikaizuia.

"Leo nenda wewe," nikamwambia mama. "Alale na wewe mpaka azoee. Hakuna shubiri. Mimi nitakaa huku, upande huu wa ukuta."

Mama aliteremsha mkoba chini, akavua baibui akaliweka juu ya kiti. Akainyoosha khanga kati yetu, akaizungusha mkononi mpaka akaipata ncha ya upande mwingine, akaniwekea kiganjani.

"Tafuna hii," akasema. "Bado nzima."

Akaingia ndani kwa mjukuu wake, akaurudisha mlango.